Ukweli Unamuuma Nani

Fulana yenyewe ilitoka kwenye belo langu, na hilo linanikera mpaka leo. Nauza mitumba, nimeuza mitumba tangu marehemu mume wangu yu hai, na mezani kwangu watu hawaji kununua nguo tu, wanakuja pia kusomewa. Nilifika kidato cha nne. Hesabu zilinishinda, lakini Kiingereza kilinikaa kichwani, kwa hiyo kijana akiokota fulana yenye maandishi kifuani ananinyooshea: mama, hii inasemaje? Namwambia. Wapo wanaoirudisha wakisikia ni tangazo la chakula cha mbwa, na wapo wanaoichukua mbio kwa sababu hiyo hiyo.

Siku hiyo aliyeokota alikuwa kijana wa jirani yangu. Nyumba yao na yangu, hapa Nyahanga mjini Kahama, zimeachana nafasi ya kupita kuku tu. Nimemwona akiota meno. Alikuwa amerudi kutoka machimbo ya kule upande wa Geita. Duara lao, yaani shimo wanalochimba, lilikuwa limetema dhahabu, na alitembea pale sokoni kwa mwendo wa mtu anayetaka aulizwe habari za mfuko wake. Fulana ilikuwa nyeusi, maandishi meupe, makubwa.

"Inasema ukweli unauma," nikamwambia.

Akataka kujua wenyewe wanausema wakati gani. Nikamweleza kama ninavyomweleza kila mtu. Waingereza wana msemo huo kama tulivyo nao sisi. Mtu akiambiwa jambo lake la kweli akanuna, wenzake humwambia hivyo, maana yake umenuna kwa sababu ni kweli, ingekuwa uongo ungecheka ukapita. Akafurahi kupita kiasi. Akasema hiyo imeshonwa kwa ajili yake, akaivaa pale pale juu ya shati, akaondoka nayo. Na mimi nilifurahi, maana nilikuwa nimeuza.

Siku hizi msemo huo siupendi hata kuusikia. Umejaa Kahama nzima. Upo nyuma ya bajaji, upo kwenye kanga, kinyozi wa mtaani kwetu ameuandika juu ya kioo chake kwa rangi nyekundu. Na ukiusikiliza vizuri utagundua kitu: anayeumia hausemi kamwe. Anausema aliyeumiza. Mtu anamtukana mwenzake utasa mbele za watu, halafu anajifuta mdomo, ukweli unauma mwaya. Mimi mwenyewe, matanga ya mume wangu hayajaanuliwa, mama mmoja alinikalia jirani kwenye mkeka akaninong'oneza kwamba marehemu alikuwa na mwanamke kule Buseresere, tena akanishika na mkono: ukweli unauma, mwenzangu, lakini bora ujue. Kisha akaenda kuchukua sahani ya wali.

Basi. Kijana huyo wa fulana alikuwa na mke wakati ule. Msichana wa Sengerema, mpole, mchapakazi, aliyeniita shangazi japo hatukuwa na undugu wowote. Walikaa kwenye vyumba vya uani kwa mama mkwe. Mume alikuwa akija Jumapili kutoka machimboni, anafika mchana, mara nyingi akiwa amekwisha kunywa njiani, na kabla chakula hakijatengwa anampiga. Mchana kweupe. Watu wanatoka kanisani wamependeza, wanasikia, wanakaza mwendo. Balozi wetu wa nyumba kumi, anayekaa ng'ambo ya njia, alikuwa akiongeza sauti ya redio. Sikufichi, hiyo redio ilinichefua kuliko kipigo chenyewe, maana mpigaji alikuwa mlevi, lakini mwenye redio alikuwa na akili zake timamu.

Mimi nilikuwa nakwenda. Nina mdomo, mtaa mzima unajua, na nilikuwa nagonga geti lao kwa mchi wa kinu mpaka mtu atoke. Mara ya mwisho aliyenifungulia ni mke mwenyewe. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia na jino la mbele halipo. Nilimpandisha bodaboda nikakaa nyuma yake kumshikilia, tukaenda hospitali, akafungwa plasta. Polisi walikuja, wakaondoka, ikaambiwa mambo yazungumzwe kifamilia, na kwetu yakishazungumzwa kifamilia ujue yamekwisha. Akarudi kwao Sengerema, mkono umefungwa shingoni. Hakuaga mtu isipokuwa mimi.

Wiki ile ile mumewe alikuwa amekaa juu ya pikipiki nje ya kwa kinyozi, amevaa ile fulana. Kinyozi akamuuliza shemeji yuko wapi. Yule bwana akaivuta fulana kifuani kwa vidole viwili ili maandishi yaonekane, akasema alimwambia ukweli, ukamuuma, akaenda kwao. Wanaume wote wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa napita na kapu la nyanya. Nilisimama nikawatazama mmoja mmoja, wote nawajua mama zao, nikatema mate chini mbele ya miguu yao. Wakacheka tena.

Mwaka haukuisha, mama yake akaanza kusema mwanawe anahitaji mke wa nyumbani. Wa nyumbani, eti. Hapa Kahama nani angempa binti? Habari ilikuwa imeshazunguka mpaka mtaa wa Phantom. Kwa hiyo akakumbuka alikozaliwa yeye, kule Kishapu, kwenye pamba na ng'ombe na vumbi, ambako mwanawe anajulikana kwa jambo moja tu, kwamba ana dhahabu. Akatuma mshenga. Akasikilizwa.

Sasa kwetu huku hutoi binti kwa watu usiowajua mpaka utume wa kwako wakaulize. Na wakija hawasemi wao ni nani. Wanakuja kama wanunuzi wa mpunga, au kama watu wanaotafuta chumba cha kupanga, wanapita nyumba hadi nyumba na maneno yao ya pembeni. Lakini tunawajua. Mpangaji wa kweli haulizi kama nyumba ya pili kuna mwenye kifafa. Na mtaa nao una adabu yake: ukiulizwa, unasifu. Ukimwibia jirani kuku atanuna, mwishowe atakusamehe, lakini ukimharibia posa utaitwa mchawi mpaka siku ya kukuzika. Funika kombe mwanaharamu apite. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na mabinti wa watu wanaingia kwenye nyumba za ajabu kwa adabu hiyo hiyo.

Hao wa Kishapu walikuwa wawili. Mwanamume wa makamo mwenye kofia ya pama na fimbo, na mwanamke aliyejitanda kanga mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Mwanamume alikuwa baba mdogo wa binti, na huyo mwanamke ni shangazi yake. Wakasema wanatafuta chumba. Mimi nilikuwa barazani napiga pasi nguo za gulio, nikawa nawasikia wakienda huku na huku.

Walianza kwa balozi. "Kusema ule ukweli," akawaambia, na aliposema hivyo tu nikajua kinachofuata, "kusema ule ukweli, sijawahi kusikia ugomvi nyumba ile." Labda hakusikia kweli, si redio ilikuwa juu. Kinyozi akasema kijana ni mcheshi, hana makuu na mtu. Mwanakwaya wa nyumba ya upande wa pili, ambaye ukuta wa jiko lake umegusana na vile vyumba vya uani, akasema ni watu wa sala. Akaongeza kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Mkono wangu ulisimama juu ya shati mpaka nikasikia harufu ya kuungua. Shati la watu likaharibika.

Walipofika kwangu sikutaka kuchezeana. Niliwakaribisha, nikawapa viti, nikawaambia chumba sina, lakini kama wamekuja kwa ajili ya binti yao wakae. Wakatazamana. Wakakaa. Nikawatengea chai na viazi vitamu, nikawaambia yote. Jumapili, mchana, redio, geti, mchi, mkono, jino, plasta, Sengerema. Sikupunguza na sikutia chumvi, maana haikuhitaji.

Yule baba mdogo alisikiliza mpaka nikampenda. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaanza kuuliza, tena kwa utaratibu. Mkono upi? Wa kulia. Ulipona ukanyooka au ulipinda? Nikamwambia nasikia umepinda. Jino moja au zaidi? Moja, la mbele. Nani mwingine aliona? Mbona wengine wanasema vingine? Nikamwambia waulize walikuwa wanasikiliza kituo gani. Akauliza kama ana ruhusa ya kunitaja mbele ya watu. Nikamjibu anitaje, na wakitaka niende nisimame, nitakwenda kwa nauli yangu. Moyoni nikasema, alhamdulillahi, huyu ndiye mzazi, ndio wanaotakiwa hawa.

Shangazi mtu aliuliza swali moja tu.

"Anapiga akiwa amelewa, au hata mkavu?"

"Hata mkavu," nikamwambia.

Akatazama ndani ya kikombe chake. Hakumaliza chai.

Walipoinuka, baba mdogo alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema ukweli unauma, mama, lakini nimewasaidia sana, akanishukuru na kwa Kisukuma, wabeja sana. Na mara hiyo moja katika maisha yangu msemo ule haukunikera. Nilidhani anayeusema ndiye unayemuuma.

Ikawa kimya. Nyumba ya pili hakukusikika vigelegele wala maandalizi, na mama mtu akawa ananipita bila salamu. Nikajua posa imevunjika na wamejua ni mimi. Sikujali. Nilikuwa naamka naimba. Nilikuwa hata simjui huyo binti, sijui mrefu au mfupi, lakini nikichota maji nafikiri, kuna mtoto wa watu huko Kishapu leo anachunga mbuzi wake kwa amani kwa sababu ya mdomo wangu. Mdomo ambao mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema utaniponza.

Halafu nikaenda gulio la Mhunze, kule Kishapu. Huwa tunakwenda wafanyabiashara kwa fuso moja, mabelo chini sisi juu. Nilikuwa nimeshatandaza, jua limeshakuwa kali, nikaona kofia ya pama inakuja kati ya watu. Baba mdogo. Amekumbatia jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, na uso wake umejaa furaha.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia. "Nimekutafuta magulio yote. Huyu ni wako."

Nikauliza wa nini. Akaniwekea jogoo juu ya meza, katikati ya blauzi, akachuchumaa, akaokota vijiti vya pamba vilivyokuwa vimetapakaa chini. Kwao wakipatana mahari wanachomeka vijiti ardhini, kila kijiti ng'ombe mmoja, upande wa binti wanachomeka na upande wa mwanamume wanang'oa, mpaka wakubaliane. Akanionyesha jinsi walivyokuwa wamekwama. Wale wa kwetu, upande wa mwanamume, walikuwa wakiving'oa tu, wakisema binti hakusoma, na ni mwembamba. Wazee wakawa wanakaribia kukubali hivyo hivyo. Hapo yeye akasimama.

"Nikawaambia tumesikia ukweli wenu," akasema. Akachomeka kijiti mbele ya miguu yangu. "Huyu ni wa mkono." Akachomeka kingine. "Huyu ni wa jino. Nikawaambia binti yetu ana mikono miwili iliyonyooka na meno yote kinywani. Anayejijua ana tabia ya kuvivunja avilipie kabisa mapema."

Wale wakaona aibu, akasema. Wakajaribu kubisha, naye akawatajia hospitali, akawatajia plasta, akanitaja na mimi, mama wa mitumba, jirani wa ukuta kwa ukuta. Vijiti vikabaki ardhini. Watu wakacheka, wakashikana mikono, wakanywa.

Nilikuwa sijaelewa. Naapa, nilikuwa bado namtazama yule mtu nikingoja aniambie walivyofukuzwa.

"Na binti?" nikauliza.

"Binti anaolewa."

"Pamoja na yote niliyokwambia?"

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mzima aliyeshindwa kufungua mlango.

"Sasa mama, kama tusingekubali kumtoa, tungewadai nini? Mwanamume kumpiga mke ni mambo ya dunia, hatuwezi kuyazuia. Lakini wa kwetu hapigwi bure."

Jogoo akanya juu ya blauzi nyeupe. Baba mdogo akasema samahani, akaufuta uchafu ule kwa kidole gumba, akaueneza vizuri kwenye kitambaa, kisha akajifuta kidole kwenye ukingo wa meza yangu. Nakumbuka hicho kidole. Mambo mengine ya siku ile yananichanganya, lakini kidole kile naweza kukichora. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, kuhusu yeye na aliyemzaa, na nikasukuma jogoo aanguke chini. Watu wakajaa. Yeye hakukasirika hata kidogo. Akawaambia wanisamehe, mama amechoka na jua. Akaenda zake na jogoo akamwacha palepale chini ya meza, maana zawadi ni zawadi.

Niliacha biashara kwa mwenzangu muuza viatu, nikauliza kwao, nikaenda. Si mbali na Mhunze. Uani nikamkuta yule shangazi anapepeta uwele. Alinitambua mara moja na hakunikaribisha kiti. Nikamwambia yeye ni mwanamke, aliuliza swali la mwanamke, na jibu nilimpa. Akaendelea kupepeta. Nilipomwambia naomba nimwone binti mwenyewe, akasema binti yuko ndani na hatoki mpaka siku yake.

"Ng'ombe wameshaingia zizini, mwenzangu," akasema. "Na wengine wameshatoka, kaka yake naye ameoa kwa hao hao. Utawarudisha wewe?"

Hakunitazama usoni hata mara moja. Nikarudi gulioni kwa miguu. Nilikuta muuza viatu amemchinja yule jogoo, wenzangu wamekaa kivulini kwenye fuso wanakunywa supu, wameniwekea na kidari. Kidari nikakiacha, nikaenda kukunja nguo zangu.

Harusi ikafungwa. Mabaki ya heshima yangu kwa mtaa wetu yaliishia hapo. Mama wa bwana harusi alikuja getini kwangu kunisema, na mimi nikadhani atasema nimemchafulia mwanawe jina, au nimemzulia. Hapana. Alisema mdomo wangu umewagharimu ng'ombe. Ndilo lililomuuma. Kwamba ni kweli hatukubishana, maana hata yeye hakukana, alisimama pale anazungumzia mkono wa yule msichana wa Sengerema kama mtu anayezungumzia ushuru. Jioni balozi akanipitia na sahani ya pilau iliyofunikwa kwa kawa, akanishauri kwamba ukweli ni kitu kizuri lakini una wakati wake. Nikamuuliza wakati wake ni upi, redio ikiisha betri? Akaweka sahani kwenye ukingo wa baraza akaondoka. Ilikaa pale mpaka inzi wakaimaliza. Sikuwapa hata kuku wangu.

Kinachonichefua si kwamba walidanganya. Uongo nimeuzoea, nimeuza nguo maisha yangu yote, najua watu wanavyosema kuhusu nguo. Ni kwamba waliniamini. Wote waliniamini, neno kwa neno, hakuna aliyeshuku. Waliuchukua ukweli wangu mzima mzima wakaupeleka mnadani.

Bwana harusi alikaa siku chache akarudi machimboni. Asubuhi iliyofuata nilikuwa nyuma ya nyumba namwaga maji ya kufulia, nikasikia sauti kutoka upande wa pili, pale penye nafasi ya kuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mwembamba kweli, kama walivyosema wakati wanang'oa vijiti. Mrefu, hina bado nyekundu mikononi, uso wa mtu ambaye jana tu alikuwa anatumwa chumvi. Alikuwa anaanika nguo za mumewe. Alikuwa ameishika ile fulana nyeusi, anaikamua, maji yanamchuruzika mpaka viwikoni. Maandishi yalikuwa yamechakaa lakini yanasomeka.

"Wewe ndiye mama uliyesema," akaniambia. Hakuwa anauliza.

Nikamwambia ndiye mimi. Nilitaka kumpa pole, nikaona pole ni neno dogo, nikataka kumtukania baba yake mdogo, nikaona ni baba yake.

"Shangazi alinieleza yote," akasema. "Mkono na jino. Akaniambia nikiingia huku nisiwe najibu." Akaitandaza fulana kwenye kamba, akaibana. Halafu akawa anautazama ukuta wa nyumba yangu, kutoka huku hadi huku, polepole. "Mama, wewe unalala chumba kipi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Cha mbele, kinachotazama njia.

Akapima kwa macho kutoka dirisha lake mpaka kule.

"Mtu akiita kutoka huku kwetu, pale unasikia?"

Nikamwambia si vizuri. Nikamwambia redio ya ng'ambo inafunika. Akaitikia kwa kichwa, akainama kuchukua nguo nyingine kwenye beseni.

Niliingia ndani. Chumba cha nyuma, kinachopakana na kwao, kilikuwa stoo ya mabelo. Nikayavuta yote mwenyewe, nikayapanga sebuleni mpaka pa kukaa hapakubaki. Nikafagia, nikakiburuta kitanda changu mpaka huko, nikakiegemeza kwenye ukuta ule, upande wa kichwa. Mchi nao nikautoa jikoni. Uko pale pembeni ya mto.